Dakika Tatu Katika Mita Tano

Karibu kila mbizi ninayoongoza kaskazini ya Unguja humalizika kwa namna moja: kundi zima hupanda taratibu hadi kina cha mita 5, husimama hapo kwa dakika 3, kisha ndipo hutoa vichwa juu ya maji. Mbizi hizo zimepangwa zisivuke muda ambao majedwali ya mbizi, yaani orodha za kina na muda wa kukaa chini, yanamruhusu mtu kupanda moja kwa moja, kwa hiyo kusimama kule si sharti la hesabu. Wageni wazoefu wanalijua hilo, na mara kwa mara mmoja wao huniuliza kwa adabu, tukiwa tunavaa mapezi, kama tunaweza kukiacha kituo hicho ili tupate dakika 3 zaidi na kasa. Jibu la haki ni kwamba si lazima, na kwamba hata hivyo tutasimama. Kwa kuwa jibu kama hilo halimridhishi mtu aliyelipa fedha zake, nimeona nilieleze hapa kwa urefu, maana sababu zake hazitoshi kusemwa kwenye boti huku injini inanguruma.

Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Juu ya maji mgandamizo ni bar 1, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bar nyingine moja, hivyo katika mita 30 tunapumua hewa yenye bar 4, na nitrojeni inayeyuka kwa kadiri hiyo katika damu, misuli, mafuta na uti wa mgongo. Tunapopanda, gesi hiyo haina budi kutoka kwa njia ile ile iliyoingilia, yaani kupitia damu na mapafu. Mgandamizo ukishuka upesi kuliko gesi inavyoweza kutoka, gesi hugeuka viputo humo humo mwilini. Kila mwalimu wa mbizi hulieleza jambo hili kwa chupa ya soda inayofunguliwa, nami nimeitumia, lakini mfano huo una kasoro moja kubwa: soda huonekana ikifoka, ilhali viputo vya mwilini mara nyingi hupita bila mwenyewe kuhisi chochote, mpaka siku ambayo havipiti.

Waliolipa ada ya kwanza ya maarifa haya hawakuwa wapiga mbizi bali vibarua wa madaraja. Katika karne ya 19 misingi ya madaraja makubwa ilichimbwa chini ya mito ndani ya masanduku yaliyojazwa hewa ya mgandamizo, na watu waliotoka humo waliugua maumivu ya viungo, wakapooza, na wengine wakafa. Mwaka 1870 daktari wa ujenzi wa daraja la St. Louis, Alphonse Jaminet, alishuka mwenyewe akakaa chini zaidi ya saa mbili, akatolewa kwa dakika chache tu, na muda si mrefu akapooza. Alipata nafuu, na kanuni za zamu fupi zikafuata. Miaka miwili baadaye mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, Washington Roebling, aliangushwa na ugonjwa huo huo, na mke wake Emily ndiye aliyebeba maagizo yake hadi kwenye ujenzi kwa miaka iliyobaki. Ni Mfaransa Paul Bert aliyeonyesha mwaka 1878 kwamba chanzo ni viputo vya nitrojeni, kisha mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake, kwa kazi waliyoifanyia Jeshi la Majini la Uingereza, wakachapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua.

Majedwali hayo yalitokana na mbuzi. Haldane aliwaweka mbuzi kwenye chumba cha mgandamizo huko London, akawatoa kwa mwendo mbalimbali, na aliyepata maumivu alijulikana kwa kuinua mguu mmoja wa mbele na kukataa kuukanyagia. Kutokana nao alikadiria kwamba mwili unaweza kustahimili mgandamizo kupungua kwa nusu bila madhara ya kuonekana, akaugawa mwili katika makundi matano ya tishu yanayojaa na kumwaga gesi kwa kasi tofauti, la haraka likipunguza nusu ya gesi yake kwa dakika 5 na la polepole kwa dakika 75. Kompyuta ya mbizi ninayoivaa mkononi leo inafuata kazi ya Albert Bühlmann wa Zürich, ambaye alifikisha makundi hayo 16, lakini msingi ni ule ule. Makundi hayo si nyama wala mifupa ya mtu yeyote. Ni namba zilizochaguliwa ili matokeo yafanane na yale yaliyoonekana kwa watu wengi waliojaribiwa. Kompyuta yangu haijui kwamba nililala kwa muda wa saa nne tu, haijui umri wangu wala uzito wangu, haijui kama nina tundu dogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, ambalo takriban mtu mmoja kati ya wanne hubaki nalo tangu kuzaliwa na ambalo linaweza kuviruhusu viputo kuukwepa mchujo wa mapafu na kuingia moja kwa moja kwenye mishipa inayokwenda kwenye ubongo. Inapohesabu, inamhesabu mtu wa kufikirika. Nafasi iliyopo kati ya mtu huyo na mimi ndiyo ninayoijaza kwa tahadhari, na kituo cha mita 5 ndiyo tahadhari ya bei rahisi kuliko zote.

Kwa nini mita 5 na si 15? Kwa sababu hatari imelundikana karibu na juu. Kutoka mita 30 hadi 20 mgandamizo unashuka kutoka bar 4 hadi 3, yaani robo. Kutoka mita 10 hadi juu unashuka kutoka bar 2 hadi 1, yaani nusu nzima. Hata mita 5 za mwisho peke yake huifanya gesi itanuke kwa nusu ya ukubwa wake, kiasi kile kile kinachopatikana kwa kupanda kutoka mita 30 hadi karibu mita 17. Katika mita 5 mtu amekaribia juu kiasi kwamba nitrojeni inatoka kwa kasi nzuri, na bado ana mgandamizo wa kutosha kuvizuia viputo visikue. Katika miaka ya 1970, huko California, mtafiti Andrew Pilmanis alisikiliza damu ya wapiga mbizi waliokaa katika mita 30 kwa dakika 25, akitumia vifaa vya Doppler vinavyonasa sauti ya viputo. Waliopanda moja kwa moja walikuwa na viputo tele ijapokuwa walifuata majedwali na hawakuugua. Waliosimama dakika 2 tu katika mita 3 walikuwa navyo vichache mno. Mwaka 1989 wataalamu wa mbizi za kisayansi wa Marekani walikutana kulijadili suala la kupanda kwa usalama, wakapendekeza kituo cha dakika 3 hadi 5 katika kina kifupi, na tangu hapo desturi imeenea dunia nzima.

Mwendo wa kupanda nao una historia ya kufikirisha. Kwa miongo mingi tulifundishwa mita 18 kwa dakika, na wengi wetu tuliiheshimu namba hiyo kama kwamba imetoka maabara. Kumbe ilikuwa mapatano ya miaka ya 1950 katika Jeshi la Majini la Marekani: wazamiaji wa kofia nzito za chuma walitaka wavutwe polepole, waogeleaji wa vita walitaka wapande upesi, na mita 18 zikawa katikati. Mwaka 1993 jeshi hilo hilo lilishusha kiwango hadi mita 9 kwa dakika. Ninalitaja hili kwa sababu mtu anayekwambia kwamba fulani amepanda haraka miaka yote bila kudhurika huwa anadhani kwamba zamani palikuwa na ushahidi na sasa pamebaki woga, ilhali mambo ni kinyume chake.

Nije kwenye utendaji, maana hapo ndipo mambo huharibika. Ninapokunja vidole na kubakiza vitatu, kisha nikafunika juu yake kiganja kilicholala, kila mgeni anaelewa ishara. Kuitekeleza ni kazi nyingine. Mtungi wa alumini wa lita 11, uliozoeleka pwani yetu, unapoteza takriban kilo 2 za hewa kuanzia bar 200 hadi bar 50, na ukikaribia kuisha unataka kuelea. Mtu aliyepima risasi za kiunoni, yaani uzito wa kumsaidia kuzama, mtungi ukiwa umejaa, akajiona ametulia sawasawa, mwishoni anakuwa mwepesi kwa kilo hizo mbili. Utamwona anapiga mapezi kuelekea chini, anahema, anashika mwamba usioshikika, kisha anachoropoka juu kama kizibo, na dakika zake 3 zinakuwa dakika moja ya taabu. Kwa hiyo kituo cha usalama huanzia ufukweni: napima uzito nikijua nitamaliza na mtungi mwepesi, na kama nimepima mtungi ukiwa umejaa naongeza kilo 2. Wakati wa kusi, bahari ya Leven Bank, mwamba wa chini ya maji kati ya Unguja na Pemba, ikiwa na mawimbi marefu, hata aliyepima vizuri ataona namba ya kina ikipanda na kushuka kati ya mita 4 na 6, na hilo si kosa. Aliyekodoa macho kwenye kioo akihangaika kuipata 5.0 hapumziki, na kupumzika ni sehemu ya kazi ya kituo. Mkondo ukiwa mkali, hasa siku za bamvua, tunarusha boya la rangi ya chungwa na kuning'inia kwenye uzi wake huku tukichukuliwa, ili nahodha atuone na boti nyingine zitukwepe. Faida hiyo ya pili ya kituo haisemwi vya kutosha. Kaskazini ya Unguja kuna boti za wageni, ngalawa, na mashine za wavuvi zinazopita kwa kasi, na dakika 3 za kusikiliza injini ziko wapi kabla ya kuinua kichwa zina thamani yake hata kama nitrojeni isingekuwepo.

Gharama ya kituo ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Katika mita 5, kwenye bar 1.5, atatumia lita 30, yaani lita 90 kwa kituo kizima, ambazo kwenye geji ya mtungi huo ni kama bar 8. Ghali ni kutoipanga hewa. Tuseme mwenza wako ameishiwa katika mita 30, na sasa mnapumua wawili kwenye mtungi mmoja, kila mmoja kwa hofu akivuta lita 40 kwa dakika. Dakika moja ya kutulizana inakula lita 320. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika kunakula karibu lita 660. Kituo kinakula 360. Jumla ni lita 1,340, zaidi ya bar 120 za mtungi ule, na hata mkikiacha kituo, kama inavyostahili hewa ikiwa haitoshi, mnahitaji karibu bar 90. Nawajua watu wenye vyeti vya kujivunia ambao katika kina hicho huanza kufikiria safari ya juu geji inaposoma 50. Ndiyo maana katika kundi langu anayefika bar 100 ananiambia, na kundi zima linaanza kupanda mteremko wa matumbawe, hata kama wengine wangali na hewa tele na wananitazama kwa manung'uniko nyuma ya miwani zao.

Tahadhari hata hivyo si kufanya zaidi ya kila kitu. Kulikuwa na wakati ambapo wapiga mbizi wa kina kirefu walivutiwa na vituo vya mapema, huko chini kabisa, kwa hoja kwamba ni afadhali kuvizuia viputo vikiwa vidogo. Hoja ilipendeza. Mwaka 2011 Jeshi la Majini la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio la mbizi za kiasi cha mita 52, ambamo muda wa jumla wa kupanda ulikuwa sawa na tofauti ilikuwa mahali pa kusimama, na ilionekana kwamba waliosimama chini waliugua zaidi kuliko waliosimama karibu na juu. Tishu za polepole zilikuwa bado zinajaa gesi wakati mwenyewe anadhani anajihifadhi. Kwa sababu hiyo siwaheshimu sana wanaojiongezea sheria kwa kubuni. Vilevile kituo cha mita 5 hakisafishi kosa lililotangulia: aliyekaa chini kupita muda wake ana deni la vituo vya lazima, na kompyuta itamwambia ni vipi na wapi.

Tahadhari nyingi zinazobaki hazifanyiki ndani ya maji kabisa, na hapa naandika zaidi kwa ajili ya wenzangu wa kazi kuliko wageni. Mgeni anapiga mbizi wiki moja na kurudi kwao. Sisi tunaingia majini kila siku, mara mbili au tatu, msimu mzima, na tukitoka ndio tunaovuta nanga, tunaobeba mitungi begani kutoka kwenye boti hadi ufukweni maji yakiwa yamekupwa na boti imesimama mbali. Kazi nzito mara baada ya mbizi ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari wa fani hii wanatuonya nayo, kwa kuwa viputo huchochewa wakati ule ule viko vingi. Nimekubaliana na vijana wa boti letu kwamba mitungi hubebwa na wasioingia majini siku hiyo, na kwa kuwa nami kuna siku zangu za kubaki juu, hakuna anayeona anaonewa. Mwezi wa Ramadhani nao unataka busara yake. Mwili uliokauka maji unawekwa na wengi katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari, na sisi tuliofunga hatuna njia ya kunywa hadi magharibi; tunachoweza ni kushuka kina kifupi, kupiga mbizi moja ya asubuhi badala ya mbili, na kurefusha kituo hadi dakika 5. Mwajiri anayeelewa hili ni wa kushukuriwa. Asiyeelewa aambiwe waziwazi.

Kisha kuna ratiba za wasafiri, ambazo mara nyingi zimepangwa kinyumenyume. Shirika la usalama wa wapiga mbizi la DAN, lililoanzia Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani mwaka 1980, linashauri mtu angoje angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, na angalau saa 18 kama amepiga kadhaa au kwa siku nyingi. Watu wanaikumbuka ndege na kuusahau mlima. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho mgandamizo wake unakaribia ule wa ndani ya ndege kubwa inapokuwa angani, kwa hiyo anayetoka majini kisiwani Mnemba asubuhi akalala ukingoni mwa kreta usiku huo huo amefanya kitu kile kile hata kama ndege yake iliruka chini chini. Ushauri wangu kwa anayetaka vyote viwili ni kuanza na mbuga na milima, kisha kumalizia na bahari, na siku ya mwisho aitumie Mji Mkongwe.

Sababu inayonifanya niwe mgumu kuliko walimu wa nchi nyingine ni umbali. Tiba ya kwanza ya ugonjwa huu wa viputo ni oksijeni safi, na tiba yenyewe ni chumba cha mgandamizo, ambamo mgonjwa kwa kawaida hurudishwa kwenye mgandamizo wa mita 18 akivuta oksijeni kwa vipindi, kwa jumla ya karibu saa 5. Kwenye kuta za magharibi ya Pemba, ambako chini yako kuna mamia ya mita za maji ya buluu na kina kinateleza bila mtu kujijua, au huko Mafia, kukifikia chumba cha namna hiyo ni safari ya saa nyingi kwa boti au ndege, na ndege yenyewe inazidisha ugonjwa isiporuka chini. Zaidi ya hapo, mgonjwa mwenyewe hukawia. Bega linauma, anasema amelala vibaya. Vidole vina ganzi, anasema ni baridi. Nimewaona watu wazima wakitafuta maelezo yoyote yale isipokuwa hilo moja, kwa kuwa wanaliona kama aibu, ingawa mtu aweza kuugua akiwa amefuata kila kanuni. Boti isiyo na mtungi wa oksijeni uliojaa, na barakoa inayofanya kazi, mimi siipandi kwenda Leven Bank.

Wanaohitaji dakika hizo 3 kuliko wageni wote ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha. Katika pwani yetu wapo vijana wanaoshuka kwa mitungi kutafuta majongoo ya bahari, bila kompyuta, bila geji ya kina, mtungi baada ya mtungi, wakipanda pale hewa inapokuwa nzito kuvuta. Sizungumzii uhalali wa kuvua kwa mitungi, ambao una kanuni zake. Yaliyowapata Wamiskito wa Honduras wanaoshuka kutafuta kambakoche yanajulikana: tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mabara ya Amerika ilitoa hukumu katika kesi ya wazamiaji 42, wengine wao wakiwa wamekwisha kufa na wengine wamelemaa, na serikali ilikiri kwamba ilishindwa kuwasimamia waliowaajiri. Huku kwetu, mtu akirudi miguu haimbebi, wapo wanaosema amechezewa na pepo wa bahari, na siku ambazo oksijeni ingemfaa zinakwisha akiwa kitandani.

Nilimfuata nahodha mmoja wa boti za majongoo, mtu wa makamo ya baba yangu, nikampa kamba yenye jiwe la kuizamisha na fundo nene katika mita 5. Baada ya shikamoo nilimweleza kwamba kila kijana ashike fundo na kuhesabu pumzi taratibu hadi 40 kabla ya kupanda. Aliipima kamba kwa mkono, pima kwa pima, akaniuliza: "Na hewa ya kukaa hapo, mwanangu, anailipa nani?" Nilimwambia ni kama bar 8 kwa kila kijana, na kwamba lazima waanze kupanda mapema zaidi kuliko walivyozoea. Alikubali kwa mbizi ya mwisho ya siku tu. Hizo nyingine tunaendelea kubishana.